Sufuria ya presha ya umeme ya lita 6: miezi saba jikoni kwetu Kireka

Nianze na maharage, maana ndiyo yaliyonipeleka dukani. Nusu kilo ya nambale, aina ya maharage yetu, iliyolowekwa tangu jana usiku: dakika 12 sufuria inajikusanyia presha, dakika 25 inapika, dakika 15 inapumua yenyewe mpaka kile kipini cha kwenye kifuniko kishuke. Haifiki saa nzima. Yasiyolowekwa nayapeleka mpaka dakika 50 za presha, na hata hapo yanatoka yamepasukapasuka, hayapendezi kwenye sahani. Kwenye sigiri, yaani jiko la makaa, maharage hayohayo yalikuwa yakitula saa mbili na nusu, hapo makaa yakiwa makavu na akiwepo mtu wa kupepea.

Hakuna uchawi. Kampala, na Kireka yetu pembeni yake, iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama ya Mombasa. Madereva wa trela ninaoongea nao kila siku hulalamika kwamba maharage ya Uganda ni magumu kama kokoto. Maharage hayana kosa, ni kilima. Ndani ya sufuria hii mvuke hauna pa kutokea, maji yanapita nyuzi 110, na tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa huku Uganda. Nafanya kazi Nakawa kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani: makaratasi ya makontena, na simu za madereva walioko mpakani Malaba ambao hawajui kwamba saa nne usiku watu hulala. Nina watoto watatu, mume mwalimu wa sekondari, na dada anayetusaidia nyumbani. Nyumba ni ya kupanga, na jiko letu ni dogo, lina soketi moja. Hiyo soketi ikumbuke, tutairudia.

Mwaka huu, siku moja kabla ya Machi 8, Siku ya Wanawake, ofisini tulikusanywa wanawake wote kumi na mmoja tukapewa soda, keki na mtoa mada. Alikuwa mwanamume, mwenye sauti nzuri ya redio. Akatuambia mwanamke wa kazi anachoka kwa sababu hapangi. Akachora duara ubaoni, akalikata kama chapati: kazi, watoto, mume, ibada, wewe mwenyewe. Kipande cha mwisho kilikuwa chembamba hata jina halikuingia, akaliandika pembeni na mshale. Mwenzangu wa hesabu akaninong'oneza, "Muulize maharage yako kipande gani."

Hatukumuuliza, tulikula keki. Lakini niliporudi kwenye teksi jioni ile, tumesimama Banda magari hayasogei, neno lile likawa linanirudia. Kwa kweli kazi yenyewe hainichoshi namna wanavyodhani. Kontena lililokwama siku nne likitoka kwa sababu nimegundua kosa la tarakimu moja, mimi huwa nachangamka siku nzima. Na tuseme ukweli, ofisini hakuna anayesimama mlangoni mwa choo kuniuliza soksi yake iko wapi. Kuna siku naenda kazini kupumzika. Ninapobanwa ni pale kazi na nyumba zinapokutana, kuanzia saa kumi na moja na nusu ninapofunga kompyuta mpaka saa tatu watoto wanapolala.

Wakati huo tulikuwa na sigiri moja, na sigiri moja ni foleni. Maharage yanakaa juu tangu saa tisa. Yakitoka, inaingia posho, yaani ugali, au matoke. Ikitoka posho, maji ya kuoga ya mdogo. Mimi nikifika saa moja na nusu ndipo naunga mchuzi, kwa sababu nyumbani kwetu imeandikwa mahali fulani, sijui nani aliandika, kwamba mchuzi lazima uungwe na mama. Tunakula saa mbili na nusu, siku mbaya saa tatu, mdogo kashalala na maziwa tumboni, wa kati analia kwa usingizi huku anatafuna. Halafu nafungua daftari la hesabu la mkubwa.

Basi zamu yangu ya nigiina ilipofika wiki mbili baadaye, nilijua nitakachoomba. Kwa wasioijua, nigiina ni mzunguko wetu wanawake: kila mwezi tunakwenda kwa mmoja na zawadi, tunakula, tunacheza, tunamwinua. Zamani zilikuwa seti za vikombe na mabeseni, kabati la kila mtu limejaa sahani zisizotumika. Mimi nikawaambia wenzangu: safari hii msiniletee sahani, nichangieni sufuria moja. Katikati ya mji muuzaji alitaka shilingi 350,000, tukashikana mashati kwa maneno, akashuka mpaka 310,000. Kabla ya kulipa nilimlazimisha aitie maji aiwashe mbele yangu, ijae presha mpaka mwisho. Ukienda kununua usione haya kufanya hivyo. Yule kijana alikasirika kidogo, lakini ya kwanza aliyoniwashia ilikuwa inavujisha mvuke pembeni, ikabidi alete nyingine.

Kitabu cha maelezo kiko kwa Kichina na Kiingereza cha Kichina. Mwanangu wa darasa la tano ndiye aliyekisoma, akatutangazia kwamba usitie maji kupita mstari. Mstari upo kweli, umechorwa ndani, ila kwa maharage hata huo usiufikie: ishia nusu. Maharage hutoa povu, povu likipanda linaziba tundu la mvuke, na sufuria yenye tundu lililozibwa si ya kuchezea. Kwa hiyo hiyo lita 6 inayoandikwa kwenye boksi, kwa maharage ihesabu kuwa lita 3. Kwa familia yetu ya watu sita inatosha mlo mmoja na mabaki ya kiporo asubuhi. Kama nyumba yako ina wageni wa kila siku, chukua ya lita 8.

Vitufe viko kumi na viwili. Nimetumia vitatu. Kuna cha keki, nilikijaribu mara moja kwenye siku ya kuzaliwa ya wa kati, na kila aliyekuwepo amekubali tusiizungumzie tena.

Wali unatoka vizuri, dakika kumi, hauna la kusimulia. Byenda, yaani utumbo, dakika 35, na harufu inabaki ndani ya chombo badala ya kuzunguka mtaa mzima kutangaza tunachokula. Lakini chakula kilichonifanya niipende ni molokony. Kwato za ng'ombe, kwetu mashariki na kule kaskazini, ni chakula cha mtu mwenye siku nzima: unabandika asubuhi, unaongeza maji, unaongeza makaa, jioni ndipo inalainika. Kwenye presha ni dakika 70, na supu inagandamanisha midomo. Mama yangu alikuja kututembelea Agosti, nikampikia. Mama aliuza vitambaa mpakani miaka ishirini na zaidi, na maharage yetu alikuwa akiyabandika usiku kwenye makaa yaliyofunikwa majivu, tunaamka yameiva. Hakuna aliyempa soda wala keki kwa ajili ya hilo. Alikula molokony akamaliza, akaigeuza ile sufuria akaitazama kwa chini kama anatafuta mlango. Akasema, "Nzuri." Halafu akaniuliza, "Na chakula kikishaiva mapema, wanakupa kazi gani nyingine?"

Nilicheka. Nilikuwa tayari najua jibu, ila nitafika huko.

Matoke ni habari nyingine. Mume wangu ni wa Masaka, na mama mkwe kwa upole wake wote ana mahali ambapo upole unaishia. Matoke hufungwa kwenye majani ya mgomba, hutandikwa juu ya vigogo vyake, huiva kwa mvuke polepole, hupondwa kwa mikono ndani ya majani hayohayo, hurudishwa motoni. Mimi nilikata ndizi nikazitumbukiza kwenye presha na maji kidogo, dakika 8, nikaziponda kwa mwiko. Nikapiga magoti nikamkaribisha. Akaonja. Akasema kwa Kiganda kitu ambacho mume alikataa kunitafsiria, lakini neno moja nililielewa, ni hospitali. Tangu hapo akija tunawasha sigiri, na mimi mwenyewe nakiri matoke ya presha yana umajimaji, hayana ile harufu ya jani. Katogo lakini, ndizi zilizopikwa pamoja na mchuzi wake, inakubali, hasa ya byenda.

Sasa gharama, maana najua kuna mtu amesubiri hapa.

Tangu lile agizo la Rais la Mei 2023 la kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini, muuza makaa wetu hana tena jibu lingine ukimuuliza bei. Hata mvua ikinyesha atakwambia ni agizo. Gunia nanunua 130,000. Zamani lilikuwa linaisha wiki tano. Sasa linakwenda wiki kumi, kwa sababu sigiri imebaki ya posho, matoke ya mama mkwe na maji ya kuoga. Hiyo ni kama 56,000 inayobaki mfukoni kila mwezi. Matumizi ya umeme nayo yamepanda: Yaka yetu, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa yuniti 55 kwa mwezi, sasa ni 70 hivi. Mpiko mmoja wa maharage unakula nusu yuniti. Nilipopiga hesabu hii yuniti ya kawaida kwa nyumba ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 750, kwa hiyo maharage yameiva kwa chini ya 400, wakati kopo la makaa la rejareja halipatikani kwa bei hiyo hata ukilia. Nyongeza ya mwezi ni kama 12,000. Ukitoa, unabaki na 44,000.

Kuna ile bei nafuu ya kupikia iliyoanza 2022 kwa shilingi 412 kwa yuniti. Watu wengi wanadhani ukinunua sufuria ya umeme unaipata papo hapo. Hapana. Inaanza ukishavuka yuniti 80 ndani ya mwezi, mpaka 150. Sisi wa yuniti 70 tunaiona kwa mbali kama basi lililojaa. Aliyeipanga nadhani alikuwa anafikiria nyumba inayopika kila kitu kwa umeme, na nyumba hiyo kwa kawaida haikuanza na sigiri moja.

Na ile soketi. Sufuria hii inavuta wati 1,000. Wiki ya kwanza niliiunga kwenye kebo ya kuongezea ya 8,000, ile nyeupe nyembamba inayouzwa na wachuuzi kwenye foleni ya magari, pamoja na friji. Siku ya tatu tulisikia harufu ya plastiki, kebo imeyeyuka ikashikana na ukuta. Iunge moja kwa moja ukutani, peke yake. Sisi friji inachomolewa saa nzima ya maharage, halafu inarudishwa, na ukisahau kuirudisha maziwa yanakuambia kesho yake.

Umeme ukikatika katikati ya mpiko, hii niliyonunua haikumbuki ilikuwa wapi. Ikirudi inakuonyesha sifuri kama hamjawahi kuonana. Mwezi wa Mei ilitutokea mara tatu wiki moja, maharage yakabaki nusu magumu, tukayamalizia kwenye sigiri na yakachelewa kuliko zamani. Kwa hiyo usigawe sigiri yako.

Hapa ndipo nilipokuwa nataka kuishia nilipoanza kuandika, nikupe nyota, niage. Lakini ingekuwa nusu ya habari.

Wiki tatu za kwanza nilikuwa kama bibi harusi. Nafika saa moja na nusu, maharage yameiva tangu saa kumi, posho ipo, tunakula watoto wote watatu macho wazi. Mara ya kwanza mdogo alikaa mezani na kijiko chake nilipiga picha nikaitumia kwenye kikundi cha nigiina. Na kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa nipange, nikapanga. Niliona dada sasa ana saa nzima na zaidi mchana isiyokuwa na kazi, kuanzia saa tisa mpaka watoto warudi kutoka shuleni saa kumi na nusu. Nikaweka hapo kupiga pasi. Mashati ya mwalimu, sare za watoto, magauni yangu ya ofisi. Nikaona nimekuwa meneja.

Jumanne moja ya Aprili mtandao wa kazi ulilala tangu saa sita, hakuna hati iliyokuwa inapita, saa nane tukaruhusiwa kwenda. Nikafika nyumbani saa tisa na robo bila kupiga simu. Nikapitia nyuma. Sigiri ilikuwa inawaka, sufuria ya zamani yenye masizi iko juu, maharage yanachemka. Dada amekaa kwenye jerikeni lililolazwa, wadada wawili wa majirani wako naye, mmoja amesimama nyuma yake anamsuka. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa, nusu nyingine imesimama. Walikuwa wanacheka jambo, wakaniona, kicheko kikakatika kama umeme.

Ndani, sufuria ya presha ilikuwa inang'aa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya zamani.

Nikauliza, "Imeharibika?"

"Hapana, anti."

"Yaka imeisha?"

"Ipo, anti."

Akainama akayakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Wenzake wakaanza kukusanya vitana. Nikasubiri. Akasema bila kuniangalia, "Anti, haya ya makaa yanataka mtu akae nayo. Ile yenu haitaki mtu."

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilifikiria gunia la 130,000. Nikaingia ndani, nikachemsha chai, nikakaa kwenye sebule yangu saa tisa na nusu ya siku ya kazi, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu likizo ya uzazi, na nikasikia jinsi kule nyuma kulivyokuwa kimya kwa sababu yangu.

Dada wetu anaamka saa kumi na moja alfajiri, kabla yangu, kwa sababu gari la shule linapita saa kumi na mbili na dakika kumi. Analala mimi nikishalala. Katikati ya hizo saa kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo alikuwa anaruhusiwa kukaa bila mtu kumwita mvivu, nalo ni kando ya maharage. Maharage ndiyo yalikuwa hati yake ya ruhusa. Akisukwa, akizungumza Kisoga na wenzake, akiangalia simu, macho yako kwenye moto, kwa hiyo yuko kazini. Mimi nilinunua mashine ikafuta ile saa, halafu nikaijaza mashati.

Na hesabu nyingine ilikuja yenyewe, sikuitafuta. Sufuria 310,000. Dada nilikuwa namlipa 150,000 kwa mwezi. Nilitoa mishahara yake miwili na zaidi ili mimi nipumzike jioni, na sikuwahi kuona kwamba ni namba zinazoweza kukaa ukurasa mmoja. Kisheria sijavunja chochote. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa nchi hii ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kimewekwa 1984 na hakijaguswa, leo hununui rolex nne, zile chapati za kuviringishia mayai, kwa hela hiyo. Lakini mimi ndiye niliyerudi kazini mdogo hajafikisha miezi mitatu, siku zangu 60 za kazi za likizo zilipoisha, na mume wangu alizimaliza nne zake nikiwa bado sijaweza kukaa vizuri. Aliyenipokea mtoto mlangoni ni huyu. Mtoto aliposimama mara ya kwanza ilikuwa Jumanne. Mimi niliona Jumamosi nikapiga vigelegele, na dada akapiga na mimi. Nilikuja kuambiwa na mwanangu mkubwa, mwezi mmoja baadaye, kwamba dada aliwakataza wasiniambie.

Mwanamke anayesimama ofisini akaulizwa unawezaje yote hayo, mimi nikiwemo, hujibu habari za kupanga, kuomba Mungu, na mume anayeelewa. Nimejibu hivyo mara nyingi. Mume wangu anaelewa kweli. Lakini siku dada alipokwenda kwao Kamuli kwenye msiba wiki moja, mimi na uelewa wake tulichelewa kazini siku zote tano.

Basi tuliongea, jioni ileile, mimi na yeye, mwalimu akiwa anasahihisha mitihani upande wa pili wa meza. Saa tisa mpaka saa kumi na nusu ni yake. Presha inawashwa saa nane, na anakwenda nyuma na jerikeni lake au anakwenda dukani au analala. Pasi imeondoka kwenye saa hiyo. Mashati ya mwalimu anapiga mwalimu, Jumapili usiku mbele ya mpira. Wiki nyingine anakwenda na makunyanzi mgongoni, akasema wanafunzi wake hawatazami mgongo, wanautazama ubao. Magauni yangu nimeanza kununua ya kitambaa kisichohitaji pasi, na hilo ni jambo ningetakiwa kulifikiria miaka sita iliyopita.

Mshahara nikauongeza 30,000, kutoka kwenye makaa tuliyookoa. Kwa hiyo ule uokoaji wa 44,000 niliokuandikia juu, kwetu unabaki 14,000. Mwalimu akapiga hesabu kwamba sufuria ambayo ingekuwa imejilipa mwezi huu sasa itajilipa baada ya karibu miaka miwili. Nikamwambia aendelee kusahihisha.

Je, nimepumzika? Kidogo, na kwa namna ambayo sikuitarajia. Nikifika nyumbani naweza kukaa kwenye ngazi ya mlangoni na viatu vya kazi bado mguuni, dakika kumi, mdogo akinipandia mgongoni, bila kuuliza maharage yamefikia wapi. Kuunga mchuzi nimemwachia dada siku za kazi. Ilinichukua wiki kadhaa kukubali kwamba wa kwake ni mtamu kuliko wangu; anatia karanga iliyopondwa mwishoni, mimi sikuwa na subira hiyo. Simu za Malaba hazijapungua. Daftari la hesabu la mkubwa bado lipo kila usiku, na sufuria haina kitufe chake.

Kwa anayenunua, mambo machache yaliyobaki. Mpira wa kifuniko unanyonya harufu. Ukipika molokony Jumapili, wali wa Jumatatu utakukumbusha. Nunua mpira wa pili, mimi niliupata kwa 15,000, mmoja wa nyama na mmoja wa vitu vingine. Ukitoa mvuke kwa mkono watoto wasiwe jikoni. Kipini kisiposhuka usilazimishe kifuniko hata kama mgeni yuko mezani. Chungu cha ndani cha kwangu kimeanza kuchubuka rangi kwa sababu tulikoroga kwa kijiko cha chuma, kosa letu, tumia mwiko. Dhamana niliyoandikiwa ni ya mwaka mmoja, na risiti yangu imeshafifia haisomeki, kwa hiyo ya kwako ipige picha siku hiyohiyo.

Nyota nne. Ya tano naishikilia kwa ile tabia yake ya kusahau umeme ukikatika, ambayo kwa chombo kinachouzwa Uganda ni sawa na kuuza mwavuli unaoogopa mvua.

Leo ni Jumatano. Nambale zimelowekwa tangu jana, Yaka ipo, nimeiangalia mwenyewe asubuhi. Sasa ni saa tisa na dakika tano na sina mpango wa kupiga simu nyumbani.